Kwa Nini Mpiga Chelo Anajizuia Pale Tunapotaka Alie

Kwenye kwaya zetu za Iringa na Mbeya kuna ubishi usiokwisha. Upande mmoja unasema mwimbaji wa solo ambaye hafumbi macho, hainui mkono wala hatetemeshi sauti mpaka mama wa benchi la mbele atoe kitambaa, huyo hajaimba, amesoma nota. Upande mwingine unasema anayejimwaga ndiye anayeharibu: sauti inashuka, mwendo unayumba, sauti ya tatu na ya nne hazijui zimfuate wapi, na ibada ikiisha watu wanamkumbuka yeye na kuusahau wimbo. Nimeusikia ubishi huu Kihesa, nimeusikia Mwanjelwa, na siku hizi nausikia kwenye simu, maana walimu wa kwaya tunarushiana video za wapiga chelo wa Ulaya na kila video inaamsha mgogoro uleule.

Chelo wengi tunaijua kupitia taarab. Ni ndugu mkubwa wa fidla, anayepigwa kwa kukaa na kumwegesha katikati ya magoti. Koncheto ni utungo ambamo chombo kimoja kinasimama mbele ya okestra nzima na kuzungumza nayo, mara nyingi katika sehemu tatu au nne, kwa muda unaokaribia nusu saa. Zile za kipindi cha Romantiki, yaani za karne ya 19 na masalia yake mwanzoni mwa karne ya 20, ziliandikwa na watunzi walioamini kwamba muziki unaweza kubeba huzuni, hamu na kumbukumbu za mtu. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Ikiwa mtunzi ameshaiweka huzuni ndani ya nota, mpiga chelo aongeze ya kwake, au akae pembeni aipishe?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kujizuia na kujimwaga haviko kwenye mizani moja ambayo ukiongeza huku lazima upunguze kule. Mpiga chelo mzuri anavyo vyote viwili kwa wingi, na kazi yake ngumu ni kujua sekunde ipi ni ya kipi. Ili hilo lieleweke, inabidi kwanza tuiangalie mikono yake.

Mkono wa kulia unashika upinde. Kwa upinde huo anacheza na mambo matatu kwa wakati mmoja: uzito anaoulaza juu ya uzi, kasi anayovuta, na mahali upinde unapogusa, iwe karibu na daraja au karibu na ubao wa vidole. Akiwa karibu na daraja, kwa uzito na mvuto wa taratibu, sauti inatoka imeshiba na inafika kiti cha mwisho ukumbini. Akisogea kuelekea ubao wa vidole na kuvuta haraka bila kukandamiza, sauti inakuwa nyepesi, ina hewa ndani yake. Uzito ukizidi, uzi unakwaruza. Ukipungua mno, upinde unateleza juu bila kushika. Katikati ya hapo kuna uwanja mpana sana, na mpiga chelo anayetumia kona moja tu ya uwanja huo ndiye ninayemwona hana hisia, hata kama jasho linamtoka.

Mkono wa kushoto una silaha mbili. Ya kwanza ni vibrato, ule mtikisiko wa kidole juu ya uzi unaoifanya nota iwe kama inapumua, kwa kawaida mara 5 hadi 7 kwa sekunde. Inaweza kuwa pana au nyembamba, ya haraka au ya taratibu, na inaweza kuondolewa kabisa, jambo ambalo wengi hawathubutu kulifanya. Ya pili ni portamento: kidole kinateleza kutoka nota moja hadi nyingine na kuacha njia yake isikike, badala ya kuruka kimyakimya. Waimbaji wetu wa tenzi huifanya bila kuijua jina. Juu ya mikono yote miwili kuna rubato, yaani kuuvuta na kuusukuma mwendo ili nota moja ikae zaidi ya haki yake na nyingine iharakishwe.

Sasa, kipimo cha kujizuia kinabadilika na nyakati, na hili watu hulisahau wanapohukumu. Wapigaji wa karne ya 19 kwa sehemu kubwa waliitumia vibrato kama pambo, wakaiweka kwenye nota zilizostahili. Kuipiga mfululizo kutoka nota ya kwanza hadi ya mwisho kulikuja kuwa desturi ndani ya karne ya 20. Portamento ilikwenda njia ya kinyume. Rekodi za miaka ya 1920 zimejaa mitelezo hiyo, lakini ilipofika katikati ya karne ikaanza kuonekana ni ushamba, na walimu wakawakataza wanafunzi wao. Kwa hiyo anayesema "zamani walipiga kwa hisia zaidi" na anayesema "zamani walipiga kwa heshima zaidi" wote wawili wana ushahidi. Hisia zilikuwepo nyakati zote, zimehama tu kutoka chombo kimoja cha mkono kwenda kingine.

Ninaowafundisha huwa nawapeleka kwa kitu tunachokijua wote: msomaji wa wasifu wa marehemu. Kila msiba wa huku kwetu unaye. Wapo wanaovunjika kwenye mstari wa kwanza. Waombolezaji wanalia naye, wanamshika mabega, lakini maisha ya marehemu hayasikiki. Wapo wanaosoma kama wanatangaza ratiba ya basi, wakamaliza, na hakuna aliyeguswa. Halafu yupo yule anayesoma kwa sauti imara, alizaliwa wapi, alisoma wapi, alianza kazi mwaka gani, mpaka anapofika kwenye jina la mtoto wa mwisho. Hapo sauti inakata kidogo tu. Anameza mate, anaendelea. Uwanja mzima unaangua kilio, kwa sababu tangu mwanzo tuliisikia nguvu aliyokuwa anaitumia kushikilia. Kushikilia kwake ndiko kulikotupa habari ya uzito wa anachokishikilia.

Mfano mkubwa wa jambo hili kwenye chelo ni koncheto ya Edward Elgar, Mwingereza, aliyoikamilisha mwaka 1919. Katika mwaka wa mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa akikaa kwenye nyumba ya mashambani iitwayo Brinkwells, huko Sussex, na usiku mizinga ya Ufaransa ilikuwa ikisikika kutoka ng'ambo ya bahari. Vita hiyo ilipita na kwetu. Jeshi la Waingereza la Jenerali Northey lilitokea Nyasaland (Malawi ya leo), likaingia Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, na mwishoni mwa Agosti 1916 likaitwaa Iringa. Makaburi ya askari wa vita ile yapo Iringa mpaka leo, na wapagazi waliokufa njiani wakibeba mizigo ya majeshi yote mawili wengi hawana hata kaburi. Kwa hiyo mtu akiniambia koncheto hii ni huzuni ya Wazungu isiyotuhusu, namjibu kwamba huzuni hii ina tarehe ambazo hata milima yetu inazijua.

Tazama jinsi Elgar alivyoipanga. Chelo inaanza peke yake kwa akodi nne nzito, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, kwa nguvu zote, kisha inashuka na karibu inyamaze. Ndipo viola, ndugu wa kati wa fidla na chelo, zinaleta wimbo mkuu bila chochote chini yao: wimbo mtupu, usio na mapambo, unaozunguka taratibu. Mpiga chelo anaupokea na kuurudia, na baada ya muda anapanda ngazi ndefu ya nota hadi juu kabisa, ambapo okestra nzima inalipuka kwa wimbo uleule. Hiyo ni sehemu ya kwanza tu. Mbele kuna sehemu ya haraka inayokimbia kwa nota ndogondogo, kuna Adagio fupi, yaani sehemu ya mwendo wa taratibu, ambamo chelo inaimba karibu bila kupumzika, na kuna sehemu ya mwisho ambayo kabla ya kufunga inapunguza mwendo, inaikumbuka ile Adagio, inazirudisha akodi nne za mwanzo, halafu inafunga kwa haraka, bila kuaga kwa maneno marefu.

Mtunzi aliyepanga hivyo ameshaamua mwenyewe wapi pa kulia. Mpiga chelo akizimimina hisia zote kwenye akodi nne za mwanzo, akodi hizo zitakaporudi mwishoni zitakuwa akodi zilezile tu. Akizipiga kwa ukuu lakini akabakiza, zikirudi zinamkuta msikilizaji ameshapita mambo mengi, na uzito wake unakuwa mara mbili bila upinde kukandamizwa zaidi. Kwenye wimbo wa viola nako, kishawishi ni kuivuta kila nota kwa rubato. Mimi napenda apigaye hapo karibu kama anayetembea peke yake njiani: mwendo sawa, vibrato nyembamba, upinde mwepesi. Ngazi ya kupanda ndiyo itakayolipa.

Koncheto hii ilizaliwa vibaya. Ilipigwa mara ya kwanza London tarehe 27 Oktoba 1919, mpiga chelo akiwa Felix Salmond na Elgar akiongoza, lakini muda wa mazoezi uliliwa na mwongozaji mwingine aliyekuwa na kazi zake kwenye tamasha hilohilo, na okestra ikapiga ovyo. Ilichukua miaka mingi kupendwa na watu wengi. Elgar mwenyewe aliirekodi na mpiga chelo Beatrice Harrison mwaka 1928, na rekodi hiyo ni shahidi ambaye kambi zote mbili zinapaswa kumsikiliza. Mwendo unatembea. Adagio haiburuzwi. Lakini mkono wa kushoto wa Harrison umejaa mitelezo ambayo mwalimu wa leo angemkemea mwanafunzi kwa kuifanya. Mtunzi alikuwa amesimama palepale na aliikubali: hisia kwenye vidole, utulivu kwenye mwendo.

Miaka 37 baadaye, mwaka 1965, mpiga chelo Mwingereza Jacqueline du Pré akairekodi akiwa na miaka 20, pamoja na London Symphony Orchestra chini ya John Barbirolli. Barbirolli alikuwa ameketi kati ya wapiga chelo wa okestra ile usiku wa 1919, kijana mdogo. Rekodi ya du Pré ndiyo inayozunguka zaidi kwenye simu zetu, na ndiyo inayogawanya watu. Dada mmoja wa sauti ya kwanza aliisikiliza akaniambia, "Mwalimu, huyu anaumwa rohoni, mwacheni alie." Mzee wetu wa besi akajibu palepale, "Anavuta sana, binti yangu. Angekuwa kwaya yangu ningemsimamisha."

Mzee ana hoja. Du Pré anakaa kwenye nota, mwendo wake ni mzito kuliko wa Elgar mwenyewe kwa dakika kadhaa ukijumlisha kazi nzima, na upinde wake anautupa kwa nguvu zote anapotaka. Ila wanaomtuhumu kwa kuzidisha wanasikiliza nusu ya anachofanya. Sikiliza jinsi anavyoweza kushuka. Kwenye Adagio kuna mahali sauti yake inakuwa ndogo kiasi kwamba unasogeza sikio, vibrato inakaribia kukoma, na uzi unashikwa kwa unywele mmojammoja wa upinde. Mtu asiyejua kujizuia hawezi kupiga hivyo. Ukubwa wake unatisha kwa sababu udogo wake ni wa kweli. Ndiyo maana wanaomwiga wanashindwa: wanachukua mvuto na mtikiso wa kichwa, na ile sauti ndogo wanaiacha.

Kuna jambo lingine linalonikera katika mjadala huu. Du Pré aliugua ugonjwa wa mfumo wa fahamu uliomnyang'anya mikono. Uligunduliwa mwaka 1973, na alifariki mwaka 1987 akiwa na miaka 42. Watu wengi wanaisikia hatima hiyo ndani ya rekodi ya 1965 na kusema alikuwa akijililia. Mwaka huo alikuwa kijana mwenye nguvu, mbele yake kazi nyingi. Tunachokisikia hapo ni ufundi wa msichana wa miaka 20 aliyeisoma nota ya Elgar kwa makini, na kumpa sifa ya ugonjwa badala ya sifa ya ufundi ni kumpunja.

Upande wa pili wa swali unaonekana vizuri zaidi kwa mtunzi Mcheki Antonín Dvořák. Koncheto yake ya chelo aliiandika New York kati ya 1894 na 1895. Kwa muda mrefu hakuamini kwamba chelo inaweza kusimama peke yake mbele ya okestra, mpaka aliposikia koncheto ya Victor Herbert katika mji huohuo. Akiwa katikati ya kazi, habari zikamfikia kwamba Josefina, dada wa mke wake, anaumwa sana. Dvořák alikuwa amempenda Josefina ujanani, kabla ya kumwoa mdogo wake Anna. Basi katika sehemu ya pili akaingiza wimbo wake mwenyewe ambao Josefina aliupenda. Alirudi nyumbani Bohemia (sehemu ya Ucheki ya leo), Josefina akafariki Mei 1895, na Dvořák akaufungua upya mwisho wa koncheto na kuongeza ukurasa mrefu ambamo wimbo ule unarudi tena.

Hanuš Wihan, mpiga chelo rafiki yake ambaye ndiye aliyetunukiwa kazi hii, alitaka aweke kadenza katika sehemu ya mwisho, yaani mahali pa mpigaji kuonyesha ufundi wake peke yake bila okestra. Dvořák alikataa katakata, na akamwonya mchapishaji kwamba asiruhusu mtu yeyote kubadili chochote. Alitaka mwisho utulie kidogokidogo, sehemu ya kwanza na ya pili zikumbukwe, chelo ishuke hadi sauti ndogo kabisa, kisha ikue tena na okestra imalize. Hapa mtunzi mwenyewe amesema kwa herufi na kwa vitendo: mahali penye uchungu wangu mkubwa sitaki mbwembwe. Ukisikia mpiga chelo anaugeuza ukurasa ule kuwa jukwaa lake, ujue amelirudisha ombi la Wihan kupitia dirishani.

Pierre Fournier, mpiga chelo Mfaransa, alielewa hili kuliko wengi. Alirekodi kazi hiyo na Berlin Philharmonic chini ya George Szell, na kwenye kurasa za mwisho hafanyi karibu chochote unachoweza kukionyesha kwa kidole. Mstari wake haukatiki, upinde unabadilisha mwelekeo bila mshono kusikika, na vibrato inapungua kadiri sauti inavyopungua. Wanaomwita baridi nadhani wanangoja alama za hisia, na yeye anawapa hisia yenyewe. Hata hivyo nitakiri upande wa pili: katika sehemu ya kwanza, pale chelo inapoingia kwa mara ya kwanza kama mtu aliyesukuma mlango wa baraza, Fournier ananipa adabu nyingi kuliko ninavyohitaji. Pale namtaka mpiga chelo Mstislav Rostropovich.

Na Rostropovich ndiye mwenye ushahidi unaonigusa kuliko wote. Tarehe 21 Agosti 1968 alipiga koncheto hii ya Dvořák London, kwenye Royal Albert Hall, pamoja na okestra ya taifa ya Umoja wa Kisovyeti chini ya mwongozaji Svetlanov. Siku hiyohiyo vifaru vya nchi yao vilikuwa vimeingia Prague, mji mkuu wa Czechoslovakia. Watu walipiga kelele za kupinga ukumbini kabla muziki haujaanza. Rostropovich, Mrusi anayepiga muziki wa Mcheki siku Wacheki wanavamiwa na serikali yake, alipiga huku machozi yakimtiririka. Kuna rekodi ya usiku ule. Ina hasira, ina kasi, kuna nota zinazokwaruza. Lakini kurasa za mwisho zinashuka kama Dvořák alivyoandika. Uso ulikuwa umevunjika, mkono haukuvunjika. Nikiwaambia waimbaji wangu kwamba machozi hayakatazwi, ila yasifike kwenye koo kabla ya kiitikio, huwa namfikiria yeye.

Kabla hujachagua upande, angalia unasikiliza kwa kutumia nini. Uzi mnene wa chelo unatoa sauti ya mitetemo kama 65 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa. Inachokupa ni vivuli vyake vya juu. Tena ukiwa kwenye daladala au mvua ya Januari inapiga bati, sauti ndogo zote zinapotea. Mpiga chelo anayefanya kazi yake kubwa kwenye sauti ndogo ataonekana hafanyi kitu, na yule anayepiga kwa nguvu muda wote atashinda kila mara. Nimeona watu wakimhukumu Fournier kwa spika ya simu iliyowekwa juu ya meza ya mgahawa. Hiyo si haki. Tatizo hilohilo tunalo kanisani: mikrofoni ikiwa juu na kinanda kimefunguliwa hadi mwisho, mwimbaji anayejua kupunguza hana faida, hivyo vijana wanajifunza kupiga kelele na kuiita upako.

Macho nayo yanadanganya. Kwenye video mwili unaoyumba unatushawishi kwamba muziki unayumba. Fumba macho, kisha usikilize kama nota ile kweli ilivutwa au ni nywele ndizo zilizorushwa. Wapo wanaokaa wima bila kukunja uso na upinde wao unafanya mambo makubwa. Wapo wanaocheza kiti kizima na mstari wa muziki umenyooka kama reli, hauna kupanda wala kushuka.

Kwa kijana wa Iringa au Tukuyu aliyebahatika kupata chelo, au fidla, au hata mwimbaji wa solo asiye na chombo, zoezi ninalolipenda ni hili. Chukua mstari mmoja wa wimbo unaoupenda. Uimbe bila vibrato kabisa, kwa mwendo sawa, sauti ndogo. Ukiona mstari unakufa, tafuta nota moja tu inayoomba msaada na uisaidie hiyo peke yake: iongeze urefu kidogo, au uzito, au mtikisiko, chagua kimoja. Rudia. Ukiona bado unahitaji nota ya pili, iongeze. Wengi wanashangaa kugundua kwamba mstari wa nota kumi na mbili unatosheka na mbili au tatu.

Kisha tafuta spika za masikioni, hata za bei nafuu, na usikilize Adagio ya Elgar kwa du Pré ukifuatilia sauti yake ndogo peke yake. Ukimaliza weka ya Harrison ya 1928, sehemu hiyohiyo. Mwendo wake utakushangaza, na pengine utajikuta umehama upande uliokuwa ukiutetea.